Kutoka kanzu nyeupe hadi joho jeusi: maisha ya jaji Hugo Black

Katika parokia zetu tunao mawakili, wale tunaowaita avoka. Tunao pia ndugu ambao walianza kwa kutetea watu mbele ya mahakama, kisha wakaingia siasa, na wengine wao wakateuliwa kuwa mahakimu. Kila mara mmoja wao anapopanda ngazi, waamini huuliza swali lile lile: je, mtu aliyetafuta kura na kufanya mapatano na watu wa kila aina anaweza kukaa kwenye kiti cha hukumu na kuhukumu kwa haki?

Swali hilo si la Congo peke yake. Leo tunataka kulichunguza kwa kutazama maisha ya mtu mmoja wa Marekani, Hugo Lafayette Black. Alikuwa wakili wa jimbo, kisha seneta, kisha jaji wa Mahakama ya Juu kwa miaka 34. Alikuwa mbatisti na mwalimu wa shule ya Siku ya Mungu. Alikuwa pia, kwa karibu miaka miwili, mwanachama wa Ku Klux Klan.

Hatumleti hapa kama mtakatifu, wala hatumleti ili tumrushie mawe. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanaonyesha waziwazi jinsi haki na tamaa ya cheo zinavyoweza kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, na jinsi kiti cha hakimu kinavyoweza kumgeuza mtu, ila si kila mahali.

Mtoto wa muuza duka

Hugo Black alizaliwa tarehe 27 Februari 1886 katika kata ya Clay, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto wanane. Baba yake alikuwa na duka katika mji mdogo wa Ashland, na alikuwa mlevi. Kijana Hugo alitazama pombe ikimharibu baba yake, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Kwa miaka mingi alikuwa adui mkali wa pombe, kama wabatisti wengi wa wakati ule.

Alijaribu kwanza kusomea udaktari kwa mwaka mmoja, kisha akageukia sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama. Alimaliza mwaka 1906, akiwa na miaka 20. Akafungua ofisi yake Ashland, lakini wateja walikuwa wachache, na mwaka 1907 nyumba iliyokuwa na ofisi hiyo iliungua moto pamoja na vitabu vyake. Akahamia Birmingham, mji wa makaa ya mawe na chuma, uliokuwa ukikua kwa haraka na kujaa maskini, weupe na weusi.

Tukumbuke hali ya Alabama wakati huo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, lakini Katiba ya jimbo ya mwaka 1901 ilikuwa imewaondoa karibu watu weusi wote katika kupiga kura, kwa njia ya kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Kulikuwa pia na desturi ya kukodisha wafungwa: jimbo lilikuwa likiwapeleka wafungwa, wengi wao weusi, kufanya kazi katika migodi ya makampuni, nayo makampuni yaliilipa Serikali. Alabama ndilo jimbo lililokuwa la mwisho kuacha desturi hiyo, mwaka 1928.

Wakili wa watu wadogo

Moja ya kesi za kwanza za Black ilihusu jambo hilo hilo. Mtu mweusi mmoja, Willie Morton, alikuwa amemaliza kifungo chake, lakini hakuachiliwa. Alishikwa siku 22 zaidi, akiendelea kufanya kazi kama mfungwa. Wakili kijana alimtetea akidai fidia, akashinda: Morton akapewa dola 137 na nusu. Kwa mfanyakazi wa siku zile, hiyo haikuwa pesa kidogo. Jambo la maana zaidi ni kwamba mahakama ya Alabama ilikubali kwamba siku za maisha ya mtu mweusi zina bei, na kwamba aliyeziiba anapaswa kulipa.

Hakimu aliyesikiliza kesi hiyo alipendezwa na kazi ya kijana huyo. Baadaye, alipokuwa mmoja wa viongozi wa mji, alimsaidia kuwa hakimu wa mahakama ya polisi mwaka 1911. Ni mahakama ndogo, ya walevi, wacheza kamari na wagomvi wa mtaani. Lakini humo ndimo Black alimojifunza jinsi sheria inavyoonekana kwa mtu asiye na pesa.

Mwaka 1914 alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa kata. Alikuta jela imejaa watu waliokamatwa kwa makosa madogo kama kucheza dadu, kwa sababu maofisa walilipwa kufuatana na idadi ya watu waliowakamata. Kadiri walivyokamata wengi, ndivyo walivyopata. Tunadhani wasomaji wetu hawahitaji maelezo marefu kuhusu utaratibu wa namna hiyo! Black alifuta kesi nyingi za aina ile na kuwaachilia watu.

Kisha mwaka 1915 alichunguza polisi wa mji jirani wa Bessemer. Uchunguzi ulionyesha kwamba usiku polisi waliwapiga washukiwa kwa mkanda wa ngozi mpaka wakiri. Black aliyafichua mambo hayo, ingawa washukiwa walikuwa weusi na maskini wasiopiga kura, na polisi walikuwa watu wenye nguvu. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana litarudi miaka 25 baadaye katika hukumu yake mojawapo iliyo kubwa zaidi.

Njia ya kura

Kama hadithi ingeishia hapo, tungekuwa na habari rahisi ya mkristo mwema. Lakini Black alitaka kupanda.

Ku Klux Klan ilianzishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikazimwa, kisha ikafufuka mwaka 1915. Wanachama walivaa kanzu nyeupe na kofia ndefu zilizofunika uso. Waliwachukia watu weusi, wakatoliki, wayahudi na wageni. Nasi wa Makanisa ya kiprotestanti tusiufiche ukweli huu: Klan ile ilijiita ya kikristo na ya kiprotestanti. Ilichoma misalaba, iliimba nyimbo za ibada, ilitoa zaka mbele ya watu katika baadhi ya Makanisa, na wachungaji wengi walikuwa ndani yake.

Mwezi wa Agosti 1921, mhubiri mmoja wa kimetodisti huko Birmingham, Edwin Stephenson, alimpiga risasi na kumwua padri mkatoliki, James Coyle. Sababu yake ni kwamba padri alikuwa amefungisha ndoa ya binti ya mhubiri huyo na mwanamume mkatoliki kutoka Puerto Rico. Stephenson alikuwa mtu wa Klan. Wakili wake alikuwa Hugo Black. Mbele ya jopo la raia walioamua kesi, Black alimleta bwana arusi ili watazame rangi ya ngozi yake, ili chuki yao ifanye kazi ambayo ushahidi haukuweza kuifanya. Mwuaji aliachiliwa.

Kila mshtakiwa anastahili wakili; hilo tunalikubali, na Black mwenyewe atalitetea baadaye kwa nguvu. Lakini kumtetea mshtakiwa ni jambo moja, na kuwasha moto wa chuki ya rangi ndani ya mahakama ni jambo jingine. Huyu ni mtu yule yule aliyemtetea Willie Morton. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba alianza gizani kisha akaona mwanga. Mwanga alikuwa nao; aliufunika.

Mwezi wa Septemba 1923 aliingia Klan. Alitoka kwa barua mwezi wa Julai 1925, alipokuwa akijiandaa kugombea useneta. Lakini hakukata uhusiano: mwaka 1926, aliposhinda uteuzi wa chama chake, alikwenda kwenye mkutano wa Klan kuwashukuru, nao wakampa kadi ya uanachama wa maisha. Baadaye sana alieleza kwamba alijiunga kwa sababu ya kura, maana watu wengi wa jimbo lake walikuwa humo. Maelezo hayo hayampunguzii mzigo. Mtu anayechukia kwa moyo wote anajidanganya; lakini mtu asiyechukia, anayevaa kanzu ya chuki ili apate cheo, anajua anachokifanya.

Kule Seneti alifanya kazi kubwa kwa wafanyakazi. Alipigania sheria ya kupunguza saa za kazi, na mswada aliouleta mwaka 1937 ulizaa sheria ya mwaka 1938 iliyoweka mshahara wa chini na kuzuia kazi ya watoto. Alikuwa upande wa rais Franklin Roosevelt katika miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Lakini mwaka 1935, maseneta wa Kusini walipozuia mswada wa kuadhibu mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya weupe, Black alikuwa pamoja na wazuiaji. Aliwajali maskini, mradi kuwajali huko kusimpotezee kura.

Maneno machache kwenye redio

Mwezi wa Agosti 1937, Roosevelt alimteua Black kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Seneti ilimkubali kwa kura 63 dhidi ya 16. Wiki chache baadaye, mwandishi wa gazeti moja la Pittsburgh, Ray Sprigle, alitoa ushahidi kwamba jaji mpya alikuwa mwanachama wa Klan. Nchi ikawaka moto. Watu weusi, wakatoliki na wayahudi waliuliza: mtu huyu atatuhukumu namna gani?

Tarehe 1 Oktoba 1937 Black alizungumza kwenye redio. Hakuongea kwa muda mrefu. Alikubali kwamba alijiunga, akasema alijitoa na hakurudi tena, na kwamba ana marafiki kati ya watu wa rangi na dini nyingine. Hakuomba msamaha. Siku tatu baadaye alikaa kwenye kiti chake.

Hapa mchungaji yeyote atatulia kidogo. Tunajua tofauti kati ya kukubali jambo na kulitubu. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakusema tu kwamba alikuwa mtoza ushuru. Alitaja mali atakayoigawa na watu atakaowarudishia. Katika hotuba ya Black hatumwoni mjane, wala familia ya padri Coyle, wala mtu mweusi wa Alabama. Tunamwona mwanasiasa akijiokoa. Kama tungepaswa kumhukumu siku ile, wengi wetu tungesema: mtu huyu hafai.

Lakini historia haikuishia siku ile.

Joho jeusi

Mwaka 1933, huko Florida, mzee mmoja mweupe aliuawa. Polisi waliwakamata watu weusi kati ya 25 na 40 bila kibali. Waliwahoji kwa siku nyingi, bila wakili wala ndugu, na mwishowe usiku kucha, hadi vijana wanne wakakiri. Wakahukumiwa kifo. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la mmoja wao, Chambers, ilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 12 Februari 1940, siku ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, hukumu ilisomwa na Hugo Black kwa niaba ya majaji wote waliosikiliza kesi. Alisema kwamba kukiri kunakopatikana kwa kumchosha na kumtisha mtu si ushahidi, na kwamba mahakama ni kimbilio la wale ambao wangeangamia kwa sababu ni wanyonge, ni wachache, au wanachukiwa na watu.

Yule mwendesha mashtaka wa mwaka 1915, aliyeuona mkanda wa ngozi kule Bessemer, alikuwa amerudi. Safari hii hakuna kura iliyomzuia. Jaji wa mahakama hiyo anateuliwa kwa maisha yake yote. Hahitaji kumshukuru mtu kwenye mkutano. Hapo tunaona kwa nini uhuru wa mahakimu si maneno matupu ya wanasheria. Moyo wa Black haukuwa mpya kabisa. Kilichokuwa kipya ni kwamba hakuna aliyeweza tena kumnunua kwa cheo.

Jambo la pili ni haki ya kuwa na wakili. Mwaka 1942 Mahakama ilikataa kumpa haki hiyo kila maskini anayeshtakiwa katika mahakama za majimbo. Black alipinga, lakini alikuwa upande wa wachache. Alingoja miaka 21. Mwaka 1961, mtu mweupe maskini aitwaye Clarence Gideon alishtakiwa huko Florida kwamba alivunja na kuingia kwenye nyumba ya mchezo wa biliadi. Aliomba wakili, akanyimwa kwa sababu sheria ya jimbo haikuruhusu kwa kosa la namna ile. Alijitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika ombi lake kwa penseli na kulituma Mahakama ya Juu. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote walikubali kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Hugo Black. Gideon alihukumiwa tena, mara hii akiwa na wakili, na jopo likamwona hana hatia. Ushahidi ulikuwa karibu ule ule. Kilichoongezeka ni mtu aliyejua kuuliza maswali.

Nguzo ya fikira za Black ilikuwa rahisi kueleza. Katiba ya Marekani ina orodha ya haki za raia, lakini kwa muda mrefu ilisemekana kwamba nyingi katika haki hizo zinaibana Serikali kuu tu, si majimbo. Black alisisitiza kwamba orodha yote inayabana majimbo pia, kwa sababu ya nyongeza iliyowekwa baada ya utumwa kukomeshwa. Alitembea na kijitabu cha Katiba mfukoni. Aliogopa hakimu anayetafuta maana ya sheria katika hisia zake mwenyewe. Huenda alijiogopa mwenyewe: alijua, kuliko wenzake wengi, mambo ambayo hisia za umati zinaweza kumfanyia mtu.

Mwaka 1954 alikuwa kati ya majaji tisa waliokubaliana wote kwamba shule haziwezi kutenganisha watoto weupe na weusi. Kwa uamuzi huo wengi wa Alabama walimhesabu msaliti. Mwana wake, aliyekuwa wakili Birmingham, mwishowe aliondoka na kuhamia Florida. Watu walifanya mzaha kwamba kijana Hugo alivaa kanzu nyeupe akawatisha weusi, na mzee Hugo anavaa joho jeusi na kuwatisha weupe.

Mahali ambapo macho yalifumba

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito. Baada ya Japani kuishambulia Marekani mwezi wa Desemba 1941, rais Roosevelt alitia sahihi amri, tarehe 19 Februari 1942, iliyoruhusu jeshi kuwaondoa watu katika pwani ya magharibi. Karibu watu 120,000 wenye asili ya Japani walitolewa majumbani mwao na kupelekwa kwenye kambi zenye waya wa miiba. Theluthi mbili hivi kati yao walikuwa raia wa Marekani. Hakuna aliyeulizwa amefanya kosa gani. Kosa lilikuwa ukoo.

Kijana mmoja, Fred Korematsu, mzaliwa wa California, alikataa kuondoka. Alikamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 18 Desemba 1944, majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba amri ya kumwondoa ilikuwa halali kwa sababu ya vita. Aliyeandika hukumu hiyo alikuwa Hugo Black.

Mtu yule yule! Miaka minne baada ya kuandika kwamba mahakama ni kimbilio la wanaochukiwa, alilifunga kimbilio. Tena hakulijutia jambo hilo. Miaka mingi baadaye alikuwa bado akilitetea. Nchi yenyewe ilitubu kabla ya kumbukumbu yake: mwaka 1983 hatia ya Korematsu ilifutwa mahakamani, mwaka 1988 sheria iliomba msamaha na kuwapa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema waziwazi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya tangu siku ulipotolewa.

Tunajiuliza: ilikuwaje? Tunaona jibu hivi. Katika kesi ya Chambers na ya Gideon, Black alimtazama mtu mmoja mwenye jina, aliyesimama peke yake mbele ya polisi na mahakama. Katika kesi ya Korematsu aliacha kumtazama mtu. Alitazama kundi, na kuhusu kundi hilo aliwasadiki majenerali. Alijifunza kutomsadiki polisi mwenye mkanda, lakini hakujifunza kutomsadiki mwanajeshi mwenye ramani. Hofu ya vita iliweza kumfanyia kile ambacho hapo zamani tamaa ya kura ilimfanyia.

Hapa, ndugu zetu wa mashariki ya Congo, tunajua tunaongea juu ya nini. Sisi pia tunajua nyakati ambapo mtu hahojiwi amefanya nini bali anatoka wapi, anaongea lugha gani, ana uso wa namna gani. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba hatia ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kufuatwa au kufungwa kwa tendo la mwingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alifundisha jambo hilo hilo karne nyingi kabla. Sheria tunazo. Zinakosa watu wa kuzishika siku ile ambayo umati unapiga kelele.

Kanisa na sala ya Serikali

Hukumu moja zaidi inatuhusu kama waprotestanti. Jimbo la New York lilikuwa limetunga sala fupi ya kusomwa shuleni kila asubuhi. Wazazi wachache walilalamika. Mwaka 1962 Mahakama iliamua kwamba Serikali haina kazi ya kuwatungia raia sala, na mwandishi wa hukumu alikuwa tena Black. Wakristo wengi walikasirika, wakidhani Mungu amefukuzwa shuleni.

Lakini Black alizikumbusha familia za kiprotestanti historia yao wenyewe: wengi wa waliovuka bahari kwenda Marekani walikimbia nchi ambako mfalme na bunge ndio walioamua watu wasali kwa maneno gani. Hakupinga sala, alipinga sala inayotoka ofisini mwa Serikali. Wabatisti wa kale walifungwa na kupigwa kwa ajili ya fundisho hilo. Wako wanaosema kwamba msimamo wake juu ya kutenganisha Kanisa na Serikali ulikuwa na mabaki ya hofu yake ya zamani kwa wakatoliki. Inawezekana. Jambo jema linaweza kuwa na mizizi isiyo safi yote. Hata hivyo, Kanisa linaloomba Serikali iliandikie sala haliwezi kushangaa siku Serikali itakapotaka kuliandikia mahubiri.

Tujifunze nini?

Hugo Black alistaafu tarehe 17 Septemba 1971, akiwa mgonjwa, na akafa siku nane baadaye. Alikuwa na miaka 85. Miezi mitatu kabla, katika moja ya maandishi yake ya mwisho, aliyatetea magazeti ambayo Serikali ilitaka kuyazuia yasichapishe siri za vita vya Vietnam. Mtu aliyekaribia kuangushwa na mwandishi wa gazeti mwaka 1937 alimaliza kazi yake akiwatetea waandishi.

Kwanza, tunajifunza kwamba mtu aliyepita katika siasa anaweza kuwa hakimu mwema, lakini si kwa sababu ya cheo. Anahitaji kuwa huru na hofu ya kupoteza mkate wake. Tukitaka mahakimu wanyofu, tusiwaombee tu. Tudai walipwe, walindwe, na wasipigiwe simu usiku na wakubwa. Na sisi viongozi wa Makanisa tuache kuwa kati ya wanaopiga simu hizo kwa ajili ya waamini wetu.

Pili, matunda mema hayafuti deni. Hukumu ya Gideon haikumrudisha padri Coyle. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa kazi ya mtu huyo, na bado tukasema kwamba alikuwa na neno la toba ambalo hakulitamka. Wako kati yetu wanaotumika vizuri leo na ambao jana walikuwa katika vikundi vilivyoumiza watu. Tusiwafukuze kwenye kazi njema, lakini tusiwasaidie kunyamaza pia. Aliyeumizwa anangoja kusikia neno.

Tatu, haki inaanzia mahali padogo. Mkristo wa parokia yako anapokamatwa na kutiwa kasho, uliza maswali matatu kabla ya kutafuta pesa. Ameshikwa tangu saa ngapi? Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba mtu hawezi kukaa chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya saa 48. Ana mtetezi? Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua. Na kama amekiri, alikiri mbele ya nani, na katika hali gani? Maswali haya hayahitaji diploma ya sheria. Shemasi anaweza kuyauliza, mama wa kikundi cha wanawake anaweza kuyauliza, kwa heshima na bila kutukana mtu.

Nne, na la mwisho, tuwe macho zaidi pale ambapo wote wanaokuzunguka wanakubaliana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaonya juu ya kuufuata umati katika kupotosha hukumu. Black alishindwa mara mbili, na mara zote mbili hakuwa peke yake: mwaka 1923 alikuwa na jimbo lake nyuma yake, mwaka 1944 alikuwa na taifa zima. Pale aliposimama na wachache, kama mwaka 1942, ndipo alipokuwa karibu zaidi na haki.

Tunawaombea avoka, mahakimu na wanasiasa waliomo katika Makanisa yetu. Bwana awape macho ya kumwona mtu mmoja, kwa jina lake, hata siku ambayo wote wanaona kabila tu.